Saa Mbili ya Bibi na Saa Nane ya Kompyuta

Wadau, mniwie radhi kwa ukimya. Wiki kadhaa zilizopita sikuwa na la kuandika ila hasira, na hasira nimejifunza kuiacha ipoe kwanza. Sasa imepoa kidogo. Kaeni mkao wa kusoma, maana leo ni ndefu.

Bibi yangu wa Kikwajuni ana presha. Kila baada ya miezi mitatu huenda kliniki (sitaitaja) kupimwa na kuchukua vidonge. Zamani tarehe na saa ya kurudi iliandikwa na nesi kwa kalamu kwenye kadi. Siku hizi kuna kompyuta, na kompyuta hiyo humtumia mgonjwa ujumbe kwenye simu siku moja kabla. Ujumbe wa safari hii ulitaja jina lake, tarehe, kisha "Muda: 08:00". Bibi anasoma vizuri tu, hahitaji mjukuu. Akasoma: saa nane. Kesho yake akapika, akasali Adhuhuri, akavaa buibui lake na kutoka taratibu. Saa nane mchana akakuta chumba cha dakta kimefungwa na mfagizi anapiga deki. Miadi mpya akapewa ya wiki mbili mbele. Vidonge nyumbani vilikuwa vimebaki vya siku nne.

Vidonge tulivinunua dukani, alhamdulillahi, bibi yuko salama. Lakini jioni ile barazani aliniuliza swali ambalo mimi, mwandishi wa habari mwenye shahada yangu, sikuwa na jibu lake: "Saa nane si saa nane?"

Nilianza kumweleza habari za saa za Kizungu. Akanikatiza. Anazijua saa za Kizungu tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Alichotaka kujua ni kwa nini ujumbe wa Kiswahili, uliotumwa Unguja, kwa mtu wa Unguja, uandikwe kwa saa ya watu wengine, tena bila kusema asubuhi wala mchana.

Basi nikaanza kuchimba. Vifaa hivi vinavyozungumza na mtandao tunavinunua kwa pesa zetu, tunavichaji kwa umeme wetu, vinalala chini ya mito yetu. Mbona mwenye kifaa hawezi kukifundisha kitu kidogo kama saa mbili? Na wazee wetu walifanyaje vilipowafikia vifaa vya kwanza?

Walifanya vizuri, kumbe. Vizuri kuliko sisi.

Hesabu yetu ya saa huanza jua linapozama. Magharibi ni thenashara, baada ya hapo saa moja ya usiku, mpaka thenashara ya asubuhi, kisha tunaanza tena. Ni hesabu ya ukoo mmoja na ile iliyotumika katika miji mingi ya Waislamu. Istanbul ya Waosmani watu walizirekebisha saa zao kila jua likizama, na kwao ilikuwa kazi kwelikweli, maana magharibi ya kiangazi na ya majira ya baridi kule zinapishana kwa saa kama tatu. Sisi tuko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta. Magharibi ya mapema kabisa na ya kuchelewa kabisa katika mwaka mzima hazipishani zaidi ya dakika 40 hivi. Kwa hiyo saa ya Mswahili ikishawekwa, inakaa. Jirani zetu Wahabeshi nao huhesabu hivi hivi, mchana wao unaanza alfajiri kama wetu.

Sasa zikaja saa za kutoka Ulaya, za ukutani na za mfukoni. Na hapa ndipo pananifurahisha. Tofauti ya saa yetu na ya Mzungu ni saa 6 kamili, na uso wa saa una namba 12, kwa hiyo saa yetu iko ng'ambo ya pili ya uso ule ule. Akrabu fupi ikikaa juu ya 8, ukifuata mstari kuvuka katikati unafika 2. Neno akrabu, kwa wasiojua, asili yake ni Kiarabu na maana yake ni nge. Nge ana mkia. Saa nyingi za zamani akrabu zake zina kimkia kidogo kinachojitokeza upande wa pili wa ekseli, na mkia huo, wadau, unaonyesha saa ya Kiswahili. Kichwa kinasema saa nane za Kizungu, mkia unasema saa mbili asubuhi. Bibi alinifundisha hivyo nikiwa mdogo, nikadhani saa zilitengenezwa makusudi kwa ajili yetu.

Hazikutengenezwa kwa ajili yetu. Fundi wa Ulaya alikiweka kile kimkia kwa ajili ya uzani. Sisi tukakipa kazi nyingine, bila kuomba ruhusa kwa mtu, bila hata bisibisi. Na asiyetaka kusumbuka na mkia aliizungusha saa yake saa 6 nyuma, ikasema anavyosema yeye. Saa ile haikuunganishwa na kitu chochote, hivyo hapakuwa na wa kuibishia.

Waya ndio ulioanza kubisha.

Mwaka 1879 kebo ya simu ya maandishi ya kampuni ya Eastern Telegraph ilifika Unguja ikitoka Aden, ikaendelea kusini kuelekea Msumbiji na Durban. Sultani alikuwa Barghash bin Said. Ukipita Shangani leo utaliona jengo la zamani la watu wa simu, ambalo sasa ni hoteli ya Serena, watalii wanakunywa juisi pale palipokuwa pakipokelewa habari za dunia. Kebo ile ndiyo ya kwanza kuifanya Unguja iwe mahali ambapo London inaweza kusema neno likafika siku ile ile. Kabla yake neno lilisafiri kwa meli.

Mwaka 1883 Barghash akamaliza Beit el-Ajaib pale Forodhani. Mwaka mmoja baadaye, 1884, wajumbe wa nchi 25 wakakutana Washington, Marekani, wakakubaliana kwamba mstari wa sifuri wa dunia upite Greenwich. Unguja haikuwamo katika zile 25. Si kwamba tungekuwamo tungewashinda, la. Lakini tangu siku ile saa ya kila mahali ikaanza kuelezwa kwa umbali wake kutoka Greenwich, na yetu ikaja kuwa mbele ya Greenwich kwa saa 3 kamili. Hizo 3 ni za mstari wa nyuzi 45 mashariki. Unguja iko kwenye nyuzi 39 na kitu. Mstari wa 45 unapita Somalia, karibu sana na Mogadishu. Ndiyo sababu jua letu, kwa wastani wa mwaka, hufika utosini kiasi cha dakika 23 baada ya simu zetu kusema 12:00 mchana. Tunaishi kwa jua la Mogadishu na hatusemi kitu.

Halafu 1896. Kisa mnakijua, vita vifupi kuliko vyote duniani, kila mtembezaji watalii anavyo mdomoni. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25 Agosti, Khalid bin Barghash akaingia kasri, Waingereza hawakumtaka. Watembezaji watalii husimulia dakika za mizinga. Kinachonivutia mimi ni waya. Balozi Basil Cave hakufyatua kwanza akaeleza baadaye. Aliuliza London kwa telegramu kama anaruhusiwa kuipiga kasri, na ruhusa ikarudi kwa waya ule ule. Khalid akapewa mwisho wa muda: saa 3 asubuhi, tarehe 27 Agosti. Saa 3 na dakika 2 mizinga ikaanza, na kabla saa nzima haijapita kasri ilikuwa kifusi. Mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit el-Ajaib nao ulipigwa. Baadaye ukaondolewa, na mnara mpya wa saa ukajengwa kwenye uso wa Beit el-Ajaib yenyewe. Mnara huo ndio uliokuwa katika kila picha ya Unguja mpaka Disemba 25, 2020, sehemu kubwa ya mbele ya jengo ilipoporomoka na kuua watu wawili.

Nimekaa sana kwenye karne ya 19, najua. Lakini mpango mzima ulikuwa umeshaonekana: kifaa kisicho na waya kinamsikiliza mwenyewe, kifaa chenye waya kinamsikiliza aliye upande wa pili.

Turuke mbele. Mwaka 1984 biashara ililegezwa Zanzibar, wakati wa Mzee Ali Hassan Mwinyi, na bidhaa za Dubai zikaanza kuingia. Pamoja na redio na vitenge zikaja saa za dijitali. Hizi hazina akrabu. Hazina nge, hazina mkia. Zinasema 8:00 na hakuna ng'ambo ya kutazama. Hata hivyo mtu aliweza kubonyeza vitufe viwili akaiweka 2:00, na saa ikatii, kwa sababu bado ilikuwa peke yake mkononi.

Simu za mkononi za mwanzo nazo zilitii. Zantel ilianzishwa 1999, na miaka michache baadaye kila mwenye nafasi ana Nokia. Marehemu mjomba wangu alikuwa na Nokia 1100, ile yenye tochi, na saa yake ilikuwa ya Kiswahili. Aliiweka mwenyewe kwa mkono, na mtandao haukumfuata kumsahihisha. Kwenye 3310 unaweza kutunga mlio wako kwa kubonyeza namba, noti moja moja, na mjomba alikuwa na karatasi ya namba hizo aliyoikunja ndani ya pochi kama hirizi. Wenzake walikuwa na mtindo wao wa kubipu: mlio mmoja maana yake nimefika, miwili maana yake nipigie. Hakuna kitabu cha maelekezo cha kampuni yoyote kilichofundisha hilo. Watu waliigeuza simu isiyopokelewa kuwa ujumbe wa bure, na kampuni zikaja baadaye na huduma zao za "tafadhali nipigie". Hali kadhalika vocha. Watu wa Afrika Mashariki walikuwa wanatumiana muda wa maongezi kama pesa kabla M-Pesa haijazinduliwa Kenya mwaka 2007.

Na mafundi! Darajani na Mlandege palikuwa, na bado papo, vijana wenye meza ndogo, waya na kompyuta kuukuu. Simu ikitoka Ulaya imefungwa kwa laini ya kampuni ya huko, wao wanaifungua. Ikigoma, wanaiflashi. Mtu wa kawaida hakuwa na haja ya kujua kuandika programu. Alikuwa na haja ya kumjua fundi. Sisi huzungumza habari za "mtumiaji" kana kwamba ni mtu mmoja chumbani na kifaa chake, lakini hapa kwetu mtumiaji siku zote alikuwa watu wawili au watatu na meza.

Katika miaka hiyo hiyo kukawa na jaribio kubwa zaidi, na hili nalisifu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyoandikwa kwa Kiswahili kitupu. Kwa kuwa ilikuwa programu huria, yeyote aliruhusiwa kuifungua, kuibadilisha na kuigawa. Microsoft nayo ikatoa Kiswahili chake baadaye kidogo. Tukapata faili, hariri, hifadhi. Ilikuwa raha ya aina yake kuona kompyuta inakwambia "hifadhi".

Lakini saa, wadau, haikuguswa. Maneno yalitafsiriwa, hesabu ikabaki ile ile. Nimeuliza kwa wanaojua, na sababu ni ya kiufundi kuliko nilivyodhani. Maneno ya programu huwekwa kwenye orodha peke yake, unaitoa ya Kiingereza unaweka ya Kiswahili, kazi imekwisha. Saa haiko kwenye orodha. Ndani kabisa, simu nyingi za leo zinahesabu sekunde tangu saa 6 usiku ya Greenwich, Januari 1, 1970 (kwetu ilikuwa saa 9 usiku, tumelala). Kisha hutazama jedwali la kanda za saa za dunia kujua waongeze au wapunguze ngapi. Jedwali hilo lilianzishwa miaka ya 1980 na Mmarekani aitwaye Arthur David Olson, na hutunzwa na watu wa kujitolea. Humo Dar es Salaam imo kama jina tu linaloelekeza kwenye saa ya Nairobi. Unguja haimo kabisa. Mahali pa kusema "mchana wa hawa unaanza jua likichomoza" hapapo. Anayetafsiri maneno hafiki huko chini.

Nilikuwa tayari kukubali kwamba basi, mashine ni mashine. Mpaka nilipoingia msikitini.

Mnazijua zile saa za dijitali za msikitini, zenye namba nyekundu, zinazotaja nyakati za sala tano na nyingine zinaadhini kabisa. Kifaa hicho kimejaa hesabu ngumu kuliko hii yetu. Unakipa mji, au longitudo na latitudo, kinapiga hesabu ya jua la mahali hapo. Programu za adhana kwenye simu zimekwenda mbali zaidi: unachagua njia ya kuhesabu Alfajiri na Isha, unaongeza au kupunguza dakika kwa kila sala, na kwa Alasiri unaulizwa unafuata madhehebu gani, maana kwa Shafii kivuli kinapolingana na kitu chake wakati umeingia, na kwa Hanafi ni mara mbili yake. Simu ya bibi, isiyojua saa mbili, inamjua Imam Shafii!

Kwa hiyo inawezekana. Waliotengeneza programu hizi walijua tangu mwanzo kwamba mtumiaji wao wa Jakarta na wa Unguja hawasali dakika moja, na kwamba kumlazimisha ni kumpoteza mteja. Saa ya Kiswahili, inayotumiwa na mamilioni ya watu kila wanapopanga kukutana, haijapata bahati hiyo, na nadhani sababu moja ni sisi wenyewe. Tukiandika tunaandika 08:00, tukisema tunasema saa mbili. Tumekuwa wakalimani wa bure wa mashine kwa miaka yote, na mashine haikuwahi kujua kwamba kuna kitu inakosea.

Kuna upande mwingine wa habari hii, mkali zaidi, naupitia haraka. Kifaa chenye mtandao si tu kwamba hakikusikilizi, kinaweza kumsikiliza mwingine dhidi yako. Juni 16, 2016, TCRA ilizizima simu zote ambazo namba zake za utambulisho hazikuwa halali. Watu waliamka na simu zilizokuwa zao jana, leo ni vipande vya plastiki. Sisemi simu feki ni nzuri. Nasema kitufe hakikuwa kwetu. Na mwaka 2024 yalitokea makubwa Bara ambayo wengi waliyaona kama usumbufu tu. Mita za umeme wa malipo ya kabla, za mfumo unaotumika nchi nyingi, zilikuwa zinahesabu dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi ya kuhesabia ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. TANESCO ikawapa wateja wa LUKU namba za ziada: badala ya tarakimu 20, makundi matatu, jumla 60. Fikirini, mama ntilie na mzee wa kijijini, kila mmoja kwa kidole chake, waliibadilishia programu mashine iliyo ukutani mwao. Waliweza vizuri sana. Ila hakuna hata tarakimu moja katika zile 60 waliyoichagua wao.

Haya, turudi kwa bibi.

Nilimpeleka kwa fundi Darajani. Kijana mdogo, hata ndevu hazijakamilika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hii simu haijui saa."

Akacheka, lakini hakumcheka bibi. Nilimwambia tuirudishe nyuma saa 6 kwa mkono kama alivyofanya mjomba. Akasema hapana, ukiivuruga saa yenyewe WhatsApp inaweza kukugomea na kudai tarehe ya simu si sahihi. Saa iache itoke kwenye mtandao. Badilisha kanda. Akaingia kwenye mipangilio, akazima kanda ya saa ya kujiweka yenyewe, akatafuta, akabonyeza.

"Bibi, nimekupeleka Buenos Aires."

"Kuna nini huko?"

"Mpira."

Sikuamini. Sisi tuko mbele ya Greenwich kwa saa 3, Argentina iko nyuma kwa saa 3. Jumla 6. Simu ikasema 4:20 AM, na kweli ilikuwa saa nne na dakika ishirini asubuhi. Sekunde za ndani hazikuguswa, kwa hiyo kila programu imeridhika. Zaidi ya hayo, kwa kanda hiyo mchana wetu wote unakuwa AM na usiku wetu wote unakuwa PM, bila kuchanganya. Programu ya adhana ikamwonyesha bibi Magharibi saa 12 na dakika zake, kama inavyotamkwa. Fundi alisema si yeye aliyebuni, aliona kwa mwenzake. Nikamlipa, hakutaka nyingi.

Siku ya tatu bibi akaniita baada ya sala ya Alfajiri. Ilikuwa Ijumaa. Simu ilisema Alhamisi.

Nilikaa na karatasi. Ukiwa Buenos Aires tarehe inageuka saa 12 asubuhi yetu. Kwa bibi siku haigeuki hapo, wala haigeuki saa 6 usiku. Siku inageuka magharibi. Jua la Alhamisi likizama, huo tayari ni usiku wa Ijumaa, na ana nyiradi zake za usiku huo. Kinachotakiwa basi si kurudi nyuma saa 6. Ni kwenda mbele saa 6. Greenwich kujumlisha 9. Nikatazama orodha: Tokyo.

Nikaweka Tokyo. Alhamisi, saa mbili usiku, mbele ya bibi, simu ikaandika 2:00 na chini yake Ijumaa. Sasa AM na PM zimepinduka, usiku ni AM na mchana ni PM, lakini bibi hajawahi kuzisoma herufi hizo. Kasoro zipo. Picha za arusi ya jioni zinajiandika tarehe ya kesho. Anayeishika simu ile bila kuelezwa anachanganyikiwa. Na ujumbe ulioandikwa na mtu mwingine unabaki ulivyoandikwa. Tokyo haiwezi kuigusa ile "Muda: 08:00".

Wiki mbili zilipotimia ujumbe ulikuja tena, vile vile, 08:00. Safari hii tulikwenda pamoja, tukawahi. Bibi akapimwa, presha imepanda kidogo, akapewa vidonge na kukaripiwa kwa chumvi. Dirishani nilimwomba binti wa mapokezi kama inawezekana ujumbe useme saa mbili asubuhi. Akanionyesha kioo cha kompyuta yake. Kisanduku cha muda kinakubali namba nne tu. Alisema yeye si wa kwanza kulisema, bibi zake mwenyewe wanachelewa. Kisha akachukua kalamu, akaandika kwenye jalada la kadi: saa 2 asubuhi. Akapigia mstari mara mbili.

Bibi alikuwa ameiweka simu juu ya kaunta akitafuta miwani. Binti akaitupia jicho.

"Bibi, simu yako imepotea, inasema saa tisa na dakika kumi."

Nikageuka kuitazama. 3:10 PM.

"Haijapotea," bibi akamwambia. "Ni saa tatu na dakika kumi. Wewe unaisoma kwa wapi?"